Jembe Langu na Salamu Yangu Vimebaki Ziwani

Chama cha Wasafiri wa Majini Sumbawanga,
Mazwi, Sumbawanga.
Jumatano, 13 Julai 1994.

Mzee Alfonsi Baltazari,
Mwenyekiti wa Mwalo,
Kasanga.

Mheshimiwa Mzee Alfonsi,

YAH: SALAMU AMBAYO HAIJAITIKIWA KWA SIKU KUMI NA NANE, PAMOJA NA MAMBO YALIYOTOKANA NAYO

Shikamoo.

Hiyo ni ya pili. Ya kwanza nilikupa Jumamosi ya tarehe 25 Juni, saa nane mchana, nikiwa ndani ya maji ya Ziwa Tanganyika hadi kidevuni, na mpaka ninapoandika haijaitikiwa. Nimelelewa na marehemu bibi yangu kule Mwazye, naye alinifunza kwamba mtu haanzi maneno yake mbele ya mzee kabla salamu haijaisha. Kwa hiyo barua hii haitaji shida yangu. Shida ninayo, na inakuhusu, lakini itangoja. Haya ni malalamiko tu, na malalamiko hata bibi hakuyawekea sharti la salamu.

Naomba uisome ukiwa umeketi nchi kavu.

Nijitambulishe, maana siku ile tulionana mimi nimelowa na wewe unacheka, na watu walio katika hali hizo mbili hawafahamiani vizuri. Mimi ni Lazaro Polikarp, mgane, umri miaka hamsini na mmoja, karani wa mizani wa ushirika hadi ushirika ulipopunguza makarani na kubakiza mizani. Sasa ni Mwenyekiti wa Chama cha Wasafiri wa Majini Sumbawanga. Najua utauliza Sumbawanga kuna maji gani ya kusafiria. Hakuna. Lakini siku hizi ni soko huria, kila kitu ruksa. Watu tuliokuwa tukiwaita walanguzi leo tunawaita wafanyabiashara na tunawavulia kofia; sembuse chama cha majini mahali pasipo na maji!

Chama chetu kilizaliwa kwenye robota la mitumba. Mwezi wa tano, baridi ilipoanza kung'ata, Bi Bertila anayeuza nguo hapa Mazwi alifungua robota aliloambiwa ni la makoti. Akakuta makoti saba ya rangi ya chungwa, manene, hayana mikono, yana kamba za kufunga kiunoni na filimbi kifuani. Tukayagawana watu saba, yeye mwenyewe akiwemo. Tukayavaa sokoni, tukayavaa kanisani, na kusema kweli yanatunza joto. Mwalimu Steven wa jiografia ndiye aliyegundua kitambaa kidogo ndani ya ukosi, kimechorwa mtu yuko majini, mkono juu. Sisi tulidhani anasalimia. Mwalimu akasema hapana, haya ni makoti ya kuelea. Basi tukaitisha kikao. Makoti tulikuwa nayo, filimbi tulikuwa nazo, watu tulikuwepo. Kilichopungua ni ziwa tu, na mtu mzima haachi jambo lake kwa kukosa kitu kimoja.

Kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba Mwenyekiti alipendekeza maji ya Kasanga, wala si ya Ziwa Rukwa lililo karibu zaidi, kwa sababu za kijiografia. Sababu zenyewe za kijiografia ni dada yako Jovina. Kila Alhamisi hupanda lori na magunia ya dagaa hadi soko letu, na ana mtumbwi wake mwenyewe. Nimenunua dagaa kwake kila Alhamisi kwa miezi minane. Mimi dagaa sili, hunikereketa koo. Paka wote wa Mazwi wananijua kwa jina. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba tangu afiwe na mumewe, neno lolote linalomhusu hupitia kwa kaka yake mkubwa, na kwamba mchana kaka huyo hupatikana kwenye matete ya mlango wa mto Kalambo akikagua nyavu. Lakini nimesema shida yangu siitaji.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu mapokezi. Tulishuka kutoka Matai hadi Kasanga juu ya lori la mahindi tukiwa ndani ya makoti yetu, na kila tulipozidi kuteremka ndipo joto lilipozidi kupanda, hata wanakwaya watatu tuliokuwa nao wakaacha kuimba. Kufika mwaloni, penye mitumbwi na nyavu, watu wako walitukagua toka unyayo hadi utosi. Mmoja akauliza kama tumekuja kutengeneza barabara. Mwingine akauliza kwa nini watu wa Sumbawanga tunahangaika na malori, kwani ungo wetu wa kurukia usiku umetoboka? Tulivumilia. Inasemwa mgeni njoo mwenyeji apone, na wenyeji wako kweli walipona, kwa kicheko.

2. Kuhusu ziwa lenyewe kuwa zuri bila taarifa. Mimi ni mtu wa mizani, Mzee, napenda kujua kitu kina uzito gani kabla sijakibeba. Hakuna aliyetuonya. Tulilala Kasanga, tukaondoka saa mbili asubuhi, Jovina amekaa nyuma anaongoza, sisi saba mbele yake na makasia sita. Tukapita chini ya miamba ambako maji yalikuwa meupe mpaka tukaona samaki wanatukwepa. Tukaingia kila kighuba kilichojificha nyuma ya matete, tukatoka, tukaingia kingine. Wanawake waliokuwa wakisugua sufuria ufukweni walitupungia mikono. Tulisimama kwenye mchanga tukala kuku na ugali wa ulezi tuliobeba kutoka mwaloni, ukiwa bado vuguvugu. Mwalimu Steven alikuwa na atlasi ya shule, na humo safari yetu yote ya siku nzima haikufika ukubwa wa punje ya ulezi, lakini aliifuata kwa kidole, na kila baada ya muda akatutangazia kwamba bado tuko ndani ya punje.

Mimi nilipangiwa mbele kabisa, nikimpa Jovina mgongo, jambo ambalo halikuwa katika mpango wangu. Yeye alipiga kasia mara moja kwa kila mara kumi za kwetu, na bado sisi ndio tuliohema. Nilijitahidi mgongo wangu uonekane ni wa mtu anayefaa. Unajua ni kazi gani, Mzee, kuutengeneza mgongo kwa saa sita? Nililala chali wiki nzima. Hili nalo naliandika kwenye hesabu ya ziwa.

3. Kuhusu wewe kutokea bila hodi. Kwetu juu, mzee haji ghafla. Huonekana toka kilima cha pili, mtu unapata muda wa kuweka jembe chini, kuvua kofia, kutafuta mahali pa kuchuchumaa. Wewe ulichomoza kwenye matete hatua kumi kutoka tulipokuwa, umesimama wima kwenye mtumbwi wako, hata kikohozi hukutoa. Naye Jovina akasema huyo ndiye kaka Alfonsi, kwa sauti ya mtu anayesema yule ni kuku.

Wewe mwenyewe unajua sisi Wafipa tulivyofundwa. Mbele ya mtu mzima huketi juu wala hushiki kitu. Unashuka, unachuchumaa, unamwelekea, unapiga makofi taratibu kwa mikono yote miwili. Basi watu saba waliolelewa vizuri waliachia makasia sita kwa pamoja, wakachuchumaa kwa pamoja, wakaegemea upande mmoja kwa pamoja.

Mtumbwi haukulelewa Mwazye. Ulipinduka.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sisi tuliyaoga bila kuvua hata kofia.

4. Kuhusu kutoitika, ambalo ndilo shina. Nakiri makoti yalifanya kazi. Tulielea pale kama maboga yaliyosombwa na mvua. Na kwa kuwa salamu ilikuwa imekwisha kuanza, tuliendelea kupiga makofi. Makofi ya majini hayana sauti, yanarusha maji tu, na mengine yalikufika usoni. Kwa hilo naomba radhi. Tukangoja uitike.

Mwalimu Steven, ambaye ni mrefu, aligundua mapema kwamba maji yalikuwa ya kiunoni, na kwamba sote tungeweza kusimama na kutembea hadi ukingoni kama watu. Dada yako alikuwa ameshasimama zamani, anakusanya makasia. Lakini nani kati yetu angesimama mbele ya mzee ambaye hajaitika? Tukabaki tumekunja magoti, maji kidevuni. Mwenzetu Leonardi akapuliza filimbi yake, si kwa kuomba msaada, bali kukukumbusha.

Badala ya kuitika ukacheka hadi ukakaa. Ukasimama tena. Kisha ukainua kasia lako juu ya vichwa vyetu mara tatu, kama mtu anayetaka kuua nyoka. Bi Bertila alifumba macho akaanza sala ya toba. Mimi nimesalimia wazee wakali katika maisha yangu, hata mmoja aliyekuwa na ugomvi na baba yangu kuhusu mpaka wa shamba, lakini hakuna aliyewahi kunitishia kasia kwa kosa la kumpa shikamoo.

5. Kuhusu maneno uliyoyasema ukingoni. Huyo Leonardi ni fundi cherehani na pia ni mshenga. Mshenga wa nani, silisemi. Alijikongoja hadi ulipo, anatetemeka, akasafisha koo ili aseme. Ukamtazama, ukasema: "Kaukeni kwanza." Ukarudi kwenye nyavu zako.

Maneno hayo mawili nimeyapima kwa siku kumi na nane na mizani yangu yote imeshindwa. Ni ushauri wa daktari? Ni kutukataa kwa adabu? Wanakwaya wanasema ni fumbo. Bi Bertila anasema mtu akitaka kumkatalia mwenzake hawezi kupata njia fupi zaidi. Leonardi amekauka, amekoga, amekauka tena, na ameapa kwamba harudi ziwani hata akibebwa. Mimi nimekauka tangu siku ile ile saa kumi, na mashahidi ninao.

6. Kuhusu jembe. Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu jambo limekuwa la kisheria.

Chini ya ubao aliokalia Leonardi kulikuwa na jembe jipya limefungwa kwenye kanga. Lilikuwa la nini, silisemi. Nasema tu kwamba katika ukoo wetu mtu hafumbui mdomo nyumbani kwa watu kuhusu binti yao bila kutanguliza jembe, na kwamba anayelipokea jembe akakaa nalo amekubali, hakuna kurudi nyuma. Babu alimpata bibi hivyo, baba alimpata mama hivyo. Sasa jembe lile lilizama. Ziwa lililipokea papo hapo, bila kusita, na halijalirudisha. Kwa hiyo, kwa mila za kwetu, tangu tarehe 25 Juni mimi ni mchumba wa Ziwa Tanganyika.

Usicheke, umeshacheka vya kutosha. Jambo hili nimelitazama pande zote. Nyumba yangu ina vyumba viwili na kibaraza, sijui nitalilaza wapi. Ziwa lenyewe ni la nchi nne, Tanzania, Zambia, Burundi na Zaire, maana yake nina wakwe katika nchi nne na pasipoti sina hata moja. Nilikwenda kwa katekista kuuliza kama ndoa ya namna hiyo inafungika. Akaniuliza kama ziwa limebatizwa. Nikamjibu kwamba ndilo linalobatiza. Akanishika bega akanishauri nikapumzike.

Wewe ndiye Mwenyekiti wa Mwalo, kwa hiyo kwa upande wa Kasanga wewe ndiye mlezi wa huyo mchumba. Ama ziwa lirudishe jembe, ama uniandikie barua yenye mhuri kwamba ziwa limenikataa, ili niwe huru kuposa kwingine. Kwingine huko ni wapi, silisemi. Ni nyumba ya tatu kutoka kwako, ile yenye vichanja vya kuanikia dagaa.

7. Kuhusu hali ya wanachama. Kikao cha dharura kiliamua kwamba salamu ile bado inaendelea, na kwamba ingekuwa utovu wa adabu sote kuinuka. Tumepanga zamu, ili ipatikane wakati wote angalau nafsi moja iliyochuchumaa ikielekea Kasanga. Mwalimu Steven anafundisha Jumanne yote akiwa amechuchumaa, na wanafunzi wa nyuma wanadhani hayupo. Leonardi ana Alhamisi na Jumamosi. Bi Bertila ana Ijumaa, wateja wanakuta meza haina mtu wanaondoka. Wanakwaya wamegawana Jumapili, na sauti ya tatu siku hizi inatokea chini ya benchi. Zamu yangu ni Jumatatu na Jumatano. Leo ni Jumatano. Ukiona mwandiko umeinama, ndiyo sababu.

Kwa hayo yote, Mzee, chama kinaomba:

(a) Wazee wote wa ziwani wakohoe kabla ya kutokea kwenye matete. Leonardi alipendekeza kengele, nikaifuta kwa heshima.

(b) Ziwa lipewe hadi tarehe 31 Julai kurudisha jembe.

(c) Likishindwa, lipandishwe huku Sumbawanga, ambako mzee huonekana toka mbali na kila mtu anapata nafasi ya kujipanga. Mwalimu Steven amepiga hesabu ya mteremko anasema ni vigumu. Lakini hata soko huria tuliambiwa ni vigumu.

(d) Uitike.

Hilo la (d) ndilo zito, hayo mengine tunaweza kukaa tukazungumza. Nikuambie ukweli, Mzee. Mimi nimepima mahindi ya watu kwa miaka ishirini na mitatu, na sasa jioni narudi kwenye nyumba ambayo kikombe nakikuta pale pale nilipokiacha asubuhi. Mwaka wa sita huu hakijasogezwa na mtu. Siku ile ziwani, kabla hujatokea, dada yako alinirushia maji kidogo kwa kasia, mgongoni, akasema Mwenyekiti unalala. Sikuwa nimelala. Sijawahi kuwa macho namna ile. Ukiitika, nitasema nilichokuja kusema. Usipoitika nitabaki na koti langu la kuelea, nami nitaendelea kulisha paka.

Nisalimie watu wote wa mwaloni, pamoja na yule aliyeuliza habari za ungo. Mwambie uko kwa fundi. Nisalimie wale wanawake wa sufuria, walitupungia vizuri. Wasalimie viboko wa Kalambo, ambao walituona katika hali ile na wakanyamaza. Nisalimie Jovina, kwa kiasi. Ziwa nalo lisalimie, ila usiliambie ninakokaa.

Wako niliyechuchumaa,

Lazaro Polikarp
Mwenyekiti

Nakala: Katibu Tarafa, kwa hatua.
Katekista, kwa sala.
Ziwa Tanganyika, kwa mkono wa mleta barua. Ajihadhari asiinamie upande mmoja.

Nyongeza baada ya sahihi. Alhamisi, 14 Julai, sokoni.

Mzee, bahasha nilikwisha kuilamba, imebidi niifungue kwa mvuke wa birika la mama ntilie. Asubuhi hii, baada ya Alhamisi mbili za kumtuma mtoto dagaa kwa aibu, nilimpa Jovina akufikishie. Akauliza ina nini. Nikasema ina salamu. Akasema salamu gani tena, mbona ile ya kwanza iliitikiwa? Anasema hapo mwaloni kwenu mtu aliye majini haitiki kwa mdomo, kwa sababu upepo hubeba sauti. Huinua kasia juu. Mara moja kwa mpita njia. Mara tatu kwa mgeni anayekaribishwa nyumbani.

Nilikaa juu ya gunia la dagaa.

Nikamuuliza habari za jembe. Akasema lilinaswa kwenye nyavu zako Jumatatu iliyofuata, bado limo ndani ya kanga yake, ukalitazama, ukajua limetoka kwa nani na limekuja kwa nini. Umelitia mpini. Umeshalima nalo matuta manane ya muhogo. Na kila jioni, anasema, unamuuliza hao watu wa Sumbawanga huchukua muda gani kukauka.

Amesema pia alijua tangu mwezi wa pili kwamba dagaa wake siwali, na leo amekataa kunipimia. Amenifungia samaki wawili wanono, migebuka, badala yake, akasema nile mwenyewe.

Kwa hiyo naomba malalamiko namba 1 hadi 7 yafutwe, na maombi (a) hadi (d) vilevile. Ziwa liarifiwe kwamba uchumba wetu umevunjika kwa amani na jembe liko mahali pake. Nimemtuma mtu akawaambie wanachama wainuke. Salamu imekwisha, sasa ninaweza kuanza barua.

Baada ya salamu, Mzee, dhumuni la barua hii ni kukuarifu kwamba nitafika kwako Jumamosi, kwa miguu yangu, pamoja na Leonardi, ambaye nimemwahidi kwamba tutapita nchi kavu hadi mlangoni. Nina neno kuhusu dada yako Jovina.

Nimekauka.